Mtoto Aliyekombolewa Ana Haki Gani Kwetu?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemtukuza mwanaadamu juu ya viumbe vingi alivyoviumba. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyekuwa yatima akalelewa na jamaa zake, kisha akawa yeye ndiye mtetezi wa mayatima na wa watumwa.

Baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu, vijana kadha wa mji wetu, wanaume kwa wanawake, wametujia katika darasa letu na swali ambalo si haki kulijibu kwa maneno mawili likaisha. Wamesema: Twasikia kila siku khabari za watoto waliookolewa katika utumwa wa zama hizi. Twaona vijana wa Ulaya, Marekani na Australia wakikata tikiti za ndege, wakija Kenya mpaka vijiji vya bara, wakakaa majuma mawili matatu pamoja na watoto hao, kisha wakarudi kwao. Je, sisi hatuna dini? Mbona hatujitolei? Baadhi yao wameazimia kwenda Nyamira, katika nchi ya Wakisii. Na wengine wataka kuvuka mipaka waende nchi za mbali.

Jibu letu ni kuwa azma hiyo ni ya kheri, na mwenye kuazimia kheri huandikiwa thawabu hata kabla hajaitenda. Lakini kheri ina mlango wake, na mwenye kuingia kwa dirisha hudhaniwa mwizi hata akiwa amebeba sadaka. Mtoto aliyekombolewa si kitu cha kutazamwa, wala si ngazi ya mtu mzima kupandia daraja za Peponi. Ana haki zake, na haki hizo twaziona ni tatu. Kwanza, aulizwe alitakalo. Pili, arudishiwe jina lake na watu wake. Tatu, ufungwe ule mlango alioingilia utumwani, ili asirudi tena, wala mdogo wake asimfuate. Mwenye kutaka kumtumikia mtoto huyo na atazame kwanza kama safari yake yazitimiza haki hizi au yazivunja.

Labda mtu atasema: utumwa gani mwautaja? Masoko ya watumwa ya Unguja yalifungwa mwaka 1873. Utumwa ukakomeshwa kwa sheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Ni kweli, minyororo ya chuma imeondoka. Lakini Shirika la Kazi la Kimataifa pamoja na wenzake walitoa hesabu mwaka 2022, kwamba katika mwaka 2021 watu kama milioni 50 duniani walikuwa katika utumwa wa zama hizi, wengine kwa kazi za kulazimishwa na wengine kwa ndoa za kulazimishwa. Na katika hao waliolazimishwa kazi, zaidi ya milioni 3 walikuwa watoto. Utumwa wa leo hauna mnada wala hati. Una mzazi maskini, una dalali mwenye ulimi mtamu, na una ahadi ya shule isiyotimizwa.

Dini yetu haikutuacha gizani katika jambo hili. Mafakihi wamesema kuwa asili ya mwanaadamu ni uhuru. Katika Sura ya At-Tawba, Mwenyezi Mungu ametaja mafungu manane ya wanaostahiki Zaka, na moja katika hayo ni la kuwakomboa watumwa. Na katika Sura ya Al-Balad ameifananisha njia ya kheri na mlima mgumu kuupanda, na jambo la kwanza alilolitaja katika kuupanda ni kumwacha huru mtumwa. Kisha akataja kulisha siku ya njaa, yatima aliye jamaa na maskini asiye na kitu. Hebu tuuzingatie mpango huo. Ukombozi umefuatana na chakula, na chakula kimefuatana na ujamaa. Wala kimoja hakikuwekwa badala ya kingine. Mtoto aliyetolewa utumwani akaachwa na njaa yake atarudi utumwani kwa miguu yake mwenyewe.

Na tukitaka kujua kujitolea kunakwendaje, tumtazame Salman al-Farsi, Mwenyezi Mungu amridhie. Alikuwa mtu huru, akauzwa, akafika Madina akiwa mtumwa wa mtu. Alipokubaliana na bwana wake bei ya uhuru wake, bei hiyo ilikuwa ni miche 300 ya mitende pamoja na dhahabu. Mtume (S.A.W.) akawaambia masahaba wamsaidie ndugu yao. Basi huyu akaleta miche thelathini, huyu ishirini, huyu kumi, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Na Mtume akaipanda miche hiyo kwa mkono wake mtukufu. Angalieni, ndugu zetu: hawakuja kumtazama Salman wakamlilia, kisha wakarudi makwao wakisimulia. Waliuliza deni lake ni nini, wakalibeba mpaka likaisha.

Hapa sisi watu wa pwani yatupasa kusema kweli juu ya historia yetu. Majahazi yaliyobeba watoto yalipita katika bahari hii hii, na nguvukazi ya mashamba mengi ya pwani yetu ilikuwa ya watumwa. Misheni ya Kiingereza ndiyo iliyofanya kijiji cha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, mwaka 1875, kwa ajili ya watu waliotolewa katika majahazi hayo. Watoto wakapata hapo usalama na kusoma. Kitabu cha Zaka kilikuwa mikononi mwetu, na fungu la ukombozi limo ndani yake. Lakini waliofungua mlango walikuwa wengine. Aibu hiyo haiondoki kwa kuinyamazia. Huondoka kwa kutenda leo lile lililoachwa jana.

Lakini katika khabari hiyo hiyo mna funzo la pili. Waafrika wengi waliokombolewa baharini walipelekwa mbali, hata Bara Hindi, wakabatizwa na kupewa majina ya Kizungu. Mmoja wao, Myao kwa asili yake, historia yamjua kwa jina la Jacob Wainwright, naye ni katika wale walioichukua maiti ya Livingstone mpaka pwani na kufika nayo Uingereza mwaka 1874. Ameokolewa, amesomeshwa, ametajwa vitabuni. Lakini kwa jina la watu wengine. Ukombozi unaomtoa mtoto kwa bwana wake ukamnyima baba yake na mama yake ni ukombozi wa nusu.

Linganisheni na mwendo wa Mtume wetu. Zayd bin Haritha alitekwa angali mtoto, akauzwa katika soko la Ukadh, akafika nyumba ya Bibi Khadija, naye akampa Mtume kabla ya Utume. Baba yake na ami yake walipopata khabari zake walikuja Makka na mali ya kumkomboa. Mtume hakutaka mali yao. Akamwita Zayd mwenyewe, akamkhiarisha mbele ya baba yake: akitaka kwenda na aende bure, na akitaka kubaki na abaki. Zayd akachagua kubaki, akawa huru, na watu wakamwita mwana wa Muhammad. Mpaka ikateremka amri katika Sura ya Al-Ahzab kuwa watoto wa kulea waitwe kwa baba zao, naye akarudi kuitwa Zayd bin Haritha. Hizo ndizo haki mbili za kwanza tulizozitaja: mtoto ameulizwa, na mtoto amerudishiwa jina lake. Kama nyumba bora kuliko zote haikulifuta jina la baba wa Zayd, sisi ni nani hata tulifute jina la baba wa mtoto wa Kikisii?

Sasa tuitazame Nyamira ambayo vijana wetu wataka kuiendea. Ni kaunti ndogo ya vilima magharibi ya Kenya, nchi ya chai na ndizi, mvua nyingi na udongo mwema. Katika hesabu ya mwaka 2019 walipatikana watu 605,576, nao ni zaidi ya 600 katika kila kilomita mraba. Rutuba ipo, nafasi haipo. Baba akiwagawia wanawe shamba, kila mmoja hupata kipande kisichomlisha mwaka mzima. Basi mzazi akifariki, au akiugua, au malipo ya chai yakiwa madogo, hutokea jamaa au dalali akasema: Nipeni binti huyu, nitamsomesha mjini. Mama hutoa kwa nia njema. Binti hupanda gari asubuhi, na akishuka hukuta si shule, bali ni ndoo, ufagio na mtoto mchanga wa mwenye nyumba. Mambo haya si ya Nyamira peke yake. Vijiji vya Kwale na Kilifi, jirani zetu wa karibu, vyayajua vile vile.

Na mtoto wa namna hiyo akiokolewa, mara nyingi hupelekwa katika makao ya watoto. Hatusemi kuwa makao yote ni mabaya. Yako yenye watu wenye kumcha Mungu, na mtoto aliyetolewa usiku katika khatari lazima alazwe mahali usiku huo huo. Lakini serikali ya Kenya iliona mambo hata ikasimamisha mwezi wa Novemba 2017 uandikishaji wa makao mapya. Mwaka 2020 ikatolewa ripoti ya hali ya makao katika kaunti tano, nazo ni Kiambu, Kilifi, Kisumu, Murang'a na Nyamira. Tazameni jinsi Kilifi yetu na Nyamira yao zilivyowekwa katika waraka mmoja. Na kinachojulikana na wenye kuzishughulikia khabari hizi ni kuwa wengi katika watoto wakaao katika makao si mayatima wa baba na mama. Wana mzazi aliye hai, au bibi, au ami. Wametengwa na ufukara. Kwa hivyo mwaka 2022 serikali ikatoa mpango wa miaka kumi, mpaka 2032, wa kuwarudisha watoto katika familia zao na jamii zao.

Mtaona basi khatari iliyo katika safari za majuma mawili. Makao yanayoishi kwa fedha za wageni yataka wageni, na wageni wataka watoto wa kuwaona. Vitanda vikiwa vitupu, wageni hawaji. Basi mwenye tamaa hutafuta watoto wa kuvijaza. Uchunguzi wa Bunge la Australia juu ya utumwa wa zama hizi, mwaka 2017, uliitaja waziwazi biashara hiyo ya kuwaingiza watoto katika makao ya mayatima kwa ajili ya faida. Yaani mtu aweza kuvuka bahari kwa nia ya kuupiga vita utumwa, na nauli yake ikawa ndiyo inayoulisha. Mfano wake ni ule uliofichuliwa na BBC mwaka 2022, wa watoto wenye ulemavu waliochukuliwa Tanzania wakaletwa Nairobi kuombeshwa njiani, na fedha zikachukuliwa na waliowaleta. Kila aliyetia sarafu katika kikombe cha mtoto alidhani amemsaidia mtoto. Kumbe amemlipa aliyemtumikisha.

Na mtoto mwenyewe je? Ametengwa na mama yake mara moja. Huja mgeni mpole, akamkumbatia, akamfundisha nyimbo, akampiga picha. Moyo wa mtoto ukamshika. Baada ya siku kumi na nne mgeni ameondoka. Akaja mwingine, naye akaondoka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mtoto huyu haponi, kwani kila mgeni humfungulia jeraha lile lile la kuachwa.

Kwa hivyo twawaambia vijana wetu: nendeni, lakini nendeni kwa masharti. Mwenye kwenda awe na kazi aijuayo na inayohitajiwa huko, kama uganga wa hospitali, ualimu, useremala au hesabu za vyama vya ushirika. Kwani mtu asiyejua kazi akiwa Mombasa hawi fundi kwa kufika Nyamira, wala kwa kufika nchi za ng'ambo. Aende kwa idhini ya ofisi ya watoto ya kaunti, na historia yake ichunguzwe. Wala asiuone uchunguzi huo ni tusi, kwani milango iliyo wazi kwa kila mtu iko wazi kwa waovu pia. Awe chini ya wenyeji, awasaidie wale watakaobaki baada yake. Asipige picha ya mtoto wala asimsimulie mateso yake ili kukusanya fedha. Siri ya mtoto ni amana. Na fedha zake azielekeze kwenye nyumba ya mama wa mtoto: mbuzi wa maziwa, sare ya shule, paa lisilovuja, mtaji mdogo wa sokoni. Fedha inayomrudisha mtoto nyumbani ni bora kuliko ile inayomweka mbali na nyumbani.

Liko sharti jingine, nalo twalisema kwa mkazo. Waislamu wa Nyamira ni wachache, na wengi katika watoto hao ni wa Wakristo. Asiende mtu na sahani ya wali mkono huu na shahada mkono wa pili. Mtoto mwenye njaa hana khiari, na dini haina kulazimishana. Tuliyoyachukia tulipofanyiwa watoto wetu, tusiwafanyie watoto wa wenzetu. Muamala mwema ndio da'wa itoshayo.

Na mtoto asiyepatikana jamaa yake kabisa? Hapo ndipo uislamu wetu utakapopimwa. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 imeitaja kafaalah kwa jina lake, yaani Mwislamu kumchukua mtoto asiye na wa kumlea, akamtunza kama wanawe bila ya kumbadilisha nasaba. Mlango ambao mafakihi wameusomesha karne kwa karne sasa umo katika sheria ya nchi. Mtoto hubaki na jina la baba yake. Harithi kwa nasaba, lakini mlezi aweza kumwusia sehemu isiyozidi thuluthi ya mali yake. Tuna majumba makubwa katika miji yetu yenye vyumba vilivyofungwa tangu vijana walipohamia Ulaya na Arabuni. Hatuombi kila mtu afungue chumba. Twaomba kila mwenye chumba ajiulize.

Imebaki haki ya tatu, ya kuufunga mlango, nayo ndiyo nzito kwa kuwa haihitaji nauli. Binti aliyetolewa Nyamira alipelekwa wapi? Alipelekwa mjini: Nairobi, Kisumu, Mombasa. Dalali asingemtafuta kama mjini hakuna mwenye kumtaka. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee. Na mbacha wetu ni jiko la nyumba zetu wenyewe. Yafaa nini kijana kuvuka bahari kwenda kuwafariji watoto waliookolewa, na mamaye ana binti wa miaka kumi na mbili anayeamka kabla ya alfajiri, akalala baada ya wote, na mshahara wake hutumwa kwa mtu asiyemjua?

Tunajua jibu litakalotolewa. Bibi mwenye nyumba atasema: Huyu ni kama mwanangu, hapa ala na kushiba, kwao angelala njaa. Twamwuliza kwa heshima: mwanao alipokwenda shule asubuhi, yeye alikwenda wapi? Mwanao alipougua ulimpeleka hospitali, yeye je? Ana siku ya kuzungumza na mama yake kwa simu? Akisema leo ataka kurudi kwao, atapewa nauli au atapewa maneno? Kama majibu ni mema, Mwenyezi Mungu akulipe. Kama si mema, basi neno "kama mwanangu" ni pazia tu.

Anas bin Malik aliletwa na mama yake kwa Mtume akiwa na miaka kumi, akamtumikia miaka kumi, naye akashuhudia kuwa hakusikia kwake hata neno la kuudhika, wala hakuulizwa kwa ukali kwa nini amefanya au hakufanya. Mama yake alikuwa karibu, jina lake lilikuwa lake, na katika nyumba ile akapata ilimu hata akawa mmoja katika wapokezi wakubwa wa Hadithi. Huo ndio utumishi wa mtoto katika nyumba ya Mtume: aliingia mtumishi, akatoka mwanachuoni. Na huyo huyo Mtume ametukhabarisha kuwa miongoni mwa watu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa mshitaki wao Siku ya Kiyama ni mwenye kumuuza mtu huru akala thamani yake, na mwenye kumtumikisha mtu akachukua kazi yake yote bila ya kumpa ujira. Hadithi hii haikusema mtu mzima peke yake.

Basi shauri letu ni hili. Kabla ya kijana wa darasa hili kukata tikiti ya Nyamira au ya nchi za ng'ambo, aanze na mtaa wake. Maimamu wetu walitaje jambo hili juu ya mimbari. Wenye nyumba wasimwajiri mtoto wa umri wa shule. Na aliye naye amrudishe kwa njia ya salama, kwa kumshirikisha afisa wa watoto, wala asimtupe kituo cha basi na mfuko wake. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu tangu mwaka 2010, na nambari ya simu ya 116 hupigwa bure kwa ajili ya mtoto aliye khatarini. Mwenye kumwona mtoto anateswa akanyamaza kwa kuogopa ujirani, na ajue kuwa mtoto naye ni jirani. Na wenye Zaka wakumbuke kuwa fungu la ukombozi halikufutwa.

Tukiyafanya hayo, safari ya Nyamira itakuwa na maana, kwani tutakwenda kama watu waliokwisha kuusafisha mlango wao, na tutaweza kuwatazama machoni akina mama wa huko. Twamwomba Mwenyezi Mungu awarudishe watoto wote waliopotea kwa watu wao, azilainishe nyoyo zetu kwa walio chini ya mikono yetu, na asitufanye miongoni mwa watakaoshitakiwa na mtoto siku ambayo hakuna dalali wala wakili. Amin.